Fundi wa Mbeya anakwenda Seoul: anunue wapi?

Swali: "Habari za kazi. Mimi ni fundi nguo, nina fremu ndogo Mwanjelwa, Mbeya. Ninashona na pia ninauza nguo za tayari za kina mama. Mwezi wa kumi nakwenda Seoul kwa mafunzo ya wiki mbili. Darasani tutakuwa tunatoka saa kumi na moja jioni, Jumamosi na Jumapili tuko huru. Nina dola 1,200 za kwangu. Nataka vitambaa, nguo za kuuza, vipodozi kidogo, miwani ya mama yangu, zawadi za watoto, na simu kama kuna nafuu. Kila niliyemuuliza ananitajia Myeongdong tu. Ni kweli? Nianzie wapi?"

Jibu: Myeongdong utafika, dada, na utapapenda, ila usianzie huko na usiingie huko na hela za mtaji. Hela za mtaji zipeleke Dongdaemun, mtaa wa masoko ya nguo na vitambaa. Myeongdong ni mtaa wa wageni: kodi za fremu ziko juu, na anayekuuzia blauzi pale, mara nyingi, naye kaichukua Dongdaemun usiku wa juzi.

Kabla ya majina ya masoko, elewa Seoul inavyofanya biashara. Kila bidhaa ina mtaa wake, na kila mtaa una saa zake. Vitambaa huuzwa mchana. Nguo za jumla huuzwa usiku, mpaka alfajiri. Ginseng na dawa za mizizi ziko upande mwingine kabisa wa mji. Wanaopoteza siku zao hapa si wale wasiojua mahali, ni wale wanaofika mahali penyewe saa ambayo si yake, wakakuta mageti yameshushwa. Kwa kuwa wewe una jioni na wikiendi tu, saa zitakusumbua kuliko umbali, kwa hiyo nitakupangia kwa kufuata saa.

Bahati yako ni kwamba sehemu tatu kubwa unazozihitaji zimepangana kwenye njia moja ya treni ya chini ya ardhi, njia namba 4, ile ya rangi ya samawati. Ukitoka stesheni ya Seoul inafuata Hoehyeon, penye soko la Namdaemun. Inafuata Myeongdong. Halafu Chungmuro, halafu stesheni yenye jina refu, Dongdaemun History & Culture Park, penye masoko ya nguo ya usiku. Mbele yake kidogo ni stesheni ya Dongdaemun yenyewe, penye jengo la vitambaa. Nunua kadi ya nauli ya T-money kwenye duka lolote dogo la saa 24, ijaze kwa noti, na kila stesheni angalia namba ya mlango wa kutokea. Wakorea wenyewe huelekezana kwa namba hizo, na ukitokea mlango usio wake unaweza kujikuta ng'ambo ya barabara ya njia nane. Kwenye simu weka Naver Map, maana ramani tulizozoea nyumbani hazikuelekezi vizuri kwa miguu ndani ya Korea.

Jumamosi ya kwanza asubuhi, nenda kwenye vitambaa. Shuka Dongdaemun, mlango namba 9, utaliona jengo kubwa liitwalo Dongdaemun Jonghap Sijang. Limekuwapo tangu mwaka 1970. Jumapili limefungwa, na Jumamosi baadhi ya wenye fremu huondoka mapema, ndiyo maana nasema asubuhi. Ujue pia kwamba Korea sakafu ya chini ndiyo ghorofa ya kwanza, si kama kwetu. Ukiambiwa duka liko ghorofa ya tano, wewe panda nne tu.

Ndani ni vichochoro vya fremu ndogo, nyingi hazizidi upana wa meza mbili za kukatia, na kitambaa chenyewe mara nyingi hakipo. Kilichopo ni vipande vya sampuli, vidogo kama kiganja, vimebanwa kwenye kadi na kuning'inizwa kwa mamia toka juu mpaka chini. Kila kadi ina namba ya kitambaa, jina la duka, ghorofa na namba ya fremu. Unaruhusiwa kuchukua kipande ukaenda nacho, bure, na hivyo ndivyo mafundi na wabunifu wa hapa wanavyofanya kazi. Siku ya kwanza hawanunui, wanakusanya. Nawe fanya hivyo. Andika bei nyuma ya kadi pale pale, kwa sababu ukishapita fremu ya thelathini hutakumbuka ipi ilikuwa ya nani. Bei hutajwa kwa kipimo kinachoitwa ma, ambacho ni yadi, sentimita 91 hivi, kwa hiyo usipige hesabu kwa mita ukadhani umepunjwa. Ukiagiza, jora linakatwa bohari na kuletwa kwa pikipiki, pengine siku hiyo hiyo, pengine kesho yake ya kazi. Uliza kabla ya kulipa. Na usipige picha bila ruhusa, kuna wenye fremu wanaokasirika kweli, maana mtaa huu umejaa watu wa kuiga.

Sasa ushauri wangu wa kweli, na hapa sitaremba. Usibebe vitambaa vingi. Kitambaa kina uzito, na mzigo wa ndege unauzwa kwa kilo. Vitenge, batiki na kanga huna sababu ya kuvitafuta huku. Chukua vile ambavyo Mbeya huvipati kwa ubora huo: krepu nzuri inayomwagika, jezi ya kuvutika isiyochuja, bitana laini, kila kimoja yadi chache za kushonea sampuli za wateja wako wakubwa. Sehemu kubwa ya fungu lako la ushonaji ipeleke ghorofa ya tano, penye vifungo, shanga, vibanio, mnyororo wa mapambo, lesi nyembamba na maua ya kushonea. Pale utasimama usitake kuondoka. Kilo moja ya vifungo vya chuma na lulu za bandia inabadilisha sura ya magauni mengi sana, na kilo moja ya kitambaa inatoa magauni mangapi? Mawili, matatu. Chini kabisa ya jengo kuna nyuzi za kufumia, kama una mteja anayefuma sweta za watoto.

Ukitoka hapo, vuka kijito cha Cheonggyecheon uende upande wa soko la Pyeonghwa, lililojengwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Wanauza kofia, soksi, taulo na nguo za wazee, na soksi za jozi kumi ni zawadi nzuri isiyo na uzito. Lakini nakutuma huko kwa sababu nyingine pia. Kwenye daraja pale kuna sanamu ya kijana aitwaye Jeon Tae-il. Alikuwa mkata vitambaa katika soko hilo, wakati ambapo wasichana wadogo walishonea kwenye dari fupi zisizo na hewa, mchana na usiku, kwa malipo duni. Tarehe 13 Novemba 1970, akiwa na miaka 22, alijichoma moto mbele ya soko akidai sheria ya kazi ifuatwe. Vyama vya wafanyakazi vya Korea vinamtaja mpaka leo. Wewe ni fundi, na nadhani fundi akifika hapo asipite tu.

Na kazi ya kushona haijahama. Mlimani karibu na hapo, mtaa wa Changsin-dong, bado kuna karakana ndogo ndogo za ushonaji. Ndiyo sababu pikipiki zinapishana na marobota ya vitambaa vilivyokatwa. Mtindo unaweza kuchorwa, kukatwa, kushonwa na kufika fremu ya jumla ndani ya siku mbili tatu. Hiyo ndiyo nguvu ya Dongdaemun: vitambaa, vifungo, mashine na soko vimekaa kwenye mitaa ya kutembea kwa miguu.

Jumapili saa mbili usiku, rudi, safari hii ushukie Dongdaemun History & Culture Park. Utatokea kwenye jengo la rangi ya fedha lililopindapinda, lile lililobuniwa na Zaha Hadid na kufunguliwa mwaka 2014. Upande mmoja wa jengo hilo, ng'ambo ya barabara kuu, kuna maduka marefu ya rejareja: Doota, Migliore, Hello apM. Wageni wengi huishia hapo, wakarudi nyumbani wakisema Dongdaemun ni ghali. Wewe pita, zunguka upande wa nyuma. Huko ndiko yaliko majengo ya jumla: apM na ndugu zake, Nuzzon, Designer Club, U:US na mengine. Hufunguka karibu saa mbili usiku na kuendelea mpaka karibu saa kumi na moja alfajiri. Mengi hayafungui usiku wa Jumamosi, na baadhi hufunga tangu Ijumaa. Kwa hiyo ukitaka kutumia usiku wa wikiendi, usiku wako ni Jumapili. Nyingine ni jioni za kati ya wiki.

Utakachokiona ni hiki: fremu za hatua mbili kwa mbili, mwenye fremu amesimama katikati ya nguo, na kwenye korido mifuko mikubwa ya plastiki imejazana, kila mmoja umeandikwa kwa kalamu nene jina la duka la mteja. Vijana wanapita mbio na mifuko hiyo begani. Hao ni wanunuzi wa kutumwa, huchukua mizigo kwa niaba ya maduka ya mikoani na ya mtandaoni, na watu wa soko huwaita samchon, yaani baba mdogo au mjomba. Wapishe njia. Hawana nafasi ya kusimama, na ukiwazuia utasukumwa bila ubaya wowote.

Sheria za pale hazijaandikwa ukutani, lakini zinafuatwa. Nguo hazijaribiwi. Huuziwi moja, au ukiuziwa moja bei inakuwa nyingine. Kawaida watataka uchukue angalau rangi mbili za mtindo mmoja. Hela ni taslimu. Baada ya kulipa unaandikiwa karatasi ya mkono yenye nakala, wanaiita jangkki. Itunze kama pesa, ndiyo ushahidi wako pekee. Na kuna jambo moja ambalo mgeni asipolijua linamgharimu: mtindo ukiwa umeisha, mwenye fremu anaweza kuchukua hela yako sasa na kukuandikia mzigo utakaotoka kiwandani baada ya siku kadhaa. Hiyo inaitwa misong. Kwa mwenye duka wa Busan, mji mwingine wa huku Korea, si tatizo. Kwa wewe mwenye tiketi ya ndege ni hasara, kwa hiyo kabla hujatoa noti, hakikisha nguo unaiona kwa macho yako na idadi imetimia.

Jumapili hiyo ya kwanza usinunue kitu. Tembea, uliza bei, weka alama kwenye majengo mawili tu yanayoendana na wateja wako, maana yote hutayamaliza. Halafu rudi Jumanne au Jumatano ya wiki ya pili, kati ya saa mbili na saa tano usiku, ununue. Treni za mwisho huondoka karibu na saa sita, hivyo hulazimiki kukesha na kesho una darasa. Tena kuna jambo la adabu. Wafanyabiashara wa Korea wanaijali mauzo ya kwanza ya siku kama wanavyoijali kwetu, na siku ya pale inaanza saa mbili usiku. Ukiwa wa kwanza kusimama kwenye fremu, usibishane bei kwa dakika kumi halafu ukaondoka mikono mitupu. Anza na zile zilizokwisha kufungua biashara.

Kuhusu vipimo, chukua futi yako ya kupimia na uitumie. Nguo nyingi za Dongdaemun zimeandikwa saizi moja tu, ya wote, na huyo "wote" ni mwembamba. Pima kifua, kiuno na nyonga kwenye kila mtindo kabla ya kulipia. Magauni mapana, kaftani fupi, makoti yasiyobana, kadigani na sweta nyembamba zitakubali miili ya wateja wako. Suruali na sketi za kubana ziache. Wewe ni fundi, unaweza kusema utaongeza mshono, lakini nguo hizi hupunguzwa kitambaa mpaka mwisho, ndani hakuna akiba ya kuachia.

Mwezi wa kumi unakufaa kuliko unavyodhani. Seoul wakati huo ni vuli, na soko la jumla linatembea mbele ya majira, kwa hiyo utakuta sweta, vizibao na makoti tele, huku vya kiangazi vimeshafagiliwa. Mfanyabiashara wa Dar es Salaam angelia. Wewe una Mbeya, na una wateja wa Makambako na Njombe, mwezi wa sita na wa saba watu wanatafuta sweta nzuri isiyo ya mtumba hawaipati. Nunua sweta nyembamba na kadigani sasa, uziweke, uziuze Juni. Makoti mazito ya manyoya usiyaguse, yanajaza begi na hayana mnunuzi. Angalia tu kalenda kabla ya kupanga: sikukuu ya Chuseok hufuata mwezi mwandamo, huangukia Septemba au Oktoba, na siku hizo masoko yanafungwa. Ikigongana na wiki yako ya kwanza, sogeza kila kitu mbele.

Jambo moja la tahadhari. Usiku, pembeni ya jengo lile la rangi ya fedha, husimama mahema ya njano yenye mikoba na viatu vya majina makubwa ya Ulaya. Ni bandia. Polisi huvamia, na ukikamatwa navyo forodhani, Korea au nyumbani, vinachukuliwa. Usiweke hata won moja, yaani hela ya Korea, hapo.

Namdaemun ni soko la zamani zaidi, asili yake hurudishwa mpaka mwaka 1414, na lipo mlango namba 5 wa stesheni ya Hoehyeon. Nenda Jumamosi ya pili asubuhi, kwa kuwa Jumapili fremu nyingi hazifungui. Hapa ndipo pa nguo za watoto. Yapo majengo mazima ya nguo za watoto tu, na ubora wa mshono utauheshimu ukiugeuza ndani. Hapa pia ndipo pa miwani ya mama. Chukua karatasi yake ya vipimo kutoka hospitali, pamoja na umbali kati ya mboni za macho, maana yeye hatakuwapo kupimwa. Lenzi za kawaida wanazikata ukiwa umekaa, pengine nusu saa mpaka saa moja, na fremu za miwani za bei ya chini ni nyingi. Lenzi za sehemu mbili au zenye vipimo vigumu zinaweza kuchukua siku kadhaa, ndiyo maana ni vyema upite jioni moja mapema kuuliza. Kuna pia ghorofa za vyombo vya jikoni na vito vya bandia. Namdaemun unaweza kuomba kupunguziwa, kwa kiasi, na kwa tabasamu. Mkorea akikataa kushusha bei mara nyingi atakuongeza kitu, jozi ya soksi au pini ya nywele. Pokea, ndiyo nyongeza yake.

Sasa Myeongdong. Nenda kwa mambo matatu. La kwanza ni kubadilisha hela: vibanda vya kubadilisha fedha vya mtaa huo, hasa jirani na ubalozi wa China, kwa kawaida hutoa bei nzuri kuliko benki za uwanja wa ndege. Njoo na dola safi zisizo na mikunjo, shilingi usizibebe. Uwanjani badilisha za nauli na chakula tu. La pili ni vipodozi. Maduka yamejaa, na Olive Young ndiyo utakayoiona kila kona, lakini ujue cha kuchukua. Losheni za kujikinga na jua za Korea ni nyepesi na haziachi weupe mwingi usoni. Mafuta ya kulainisha, maji ya kusafishia uso na barakoa za karatasi ni zawadi zinazopendwa na hazina uzito. Poda na foundation za rangi yetu ni chache sana kwenye rafu, usipoteze muda. Na zile zinazotangazwa kung'arisha ngozi, ushauri wangu ni usiziingize kwenye duka lako. Ngozi za wateja wako hazina kasoro ya kung'arishwa, na mamlaka za nyumbani ziko macho na bidhaa za aina hiyo. Tarehe zilizopigwa kwenye kopo huanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, na nyingine ni tarehe ya kutengenezwa, si ya kuisha. Muulize muuzaji akuonyeshe ipi ni ipi.

La tatu ni Daiso, karibu na stesheni ya Myeongdong, jengo la ghorofa 12. Bidhaa zake hazizidi won 5,000, na nyingi ni 1,000 au 2,000. Kalamu, madaftari, vibanio, mikasi midogo, vikasha vya sindano: zawadi za watoto zimalize hapo. Kwa zawadi ya chakula, makaratasi ya mwani yaliyokaangwa ni mepesi na ni ya Korea kweli. Yanunue kwenye supamaketi kubwa kama Lotte Mart ya stesheni ya Seoul, si kwenye vibanda vya watalii. Supamaketi hizo kubwa, katika wilaya nyingi, hufungwa Jumapili mbili za mwezi, kwa kawaida ya pili na ya nne.

Siku ambayo miguu imechoka na mvua inanyesha, shuka Express Bus Terminal, uingie Goto Mall. Ni barabara ya maduka chini ya ardhi, ndefu, mamia ya fremu pande zote, bei zimeandikwa kwa kalamu kubwa. Huhitaji kununua rangi mbili, unachukua moja yako mwenyewe. Kwa nguo ya kuvaa wewe napapenda kuliko Dongdaemun.

Mtaa wa Itaewon nakutajia kwa sababu mbili. Kama wewe au mwenzako ni Mwislamu, msikiti mkuu wa Seoul uko kilimani hapo, tangu mwaka 1976, na mtaa unaoelekea msikitini una bucha na migahawa ya halali, viungo, hata unga wa aina tuliyoizoea. Pili, Itaewon ni mahali ambapo nguo na viatu vya miili mikubwa hupatikana bila shida. Viatu Korea hupimwa kwa milimita, kwa hiyo pima nyayo za wanaokutuma kabla ya kuondoka. Namba 40 au 41 hazitakusaidia.

Mtaa wa Insadong ukipita, sawa, ila vingi vinavyouzwa kama kumbukumbu ya Korea havikutengenezwa Korea; geuza usome chini. Gwangjang, soko la tangu mwaka 1905, lina hariri na nguo za jadi ghorofani, na chini wanakaanga chapati za choroko zilizosagwa. Choroko zetu hizi hizi. Muulize muuzaji kuhusu nyama ya nguruwe na mafuta yake kabla ya kula, kama hilo linakuhusu. Dongmyo ni mitumba, imemwagwa chini kwenye maturubai, na unaijua mitumba ya Korea kwa marobota yake kuliko ninavyoweza kukueleza. Nenda ukaangalie tu.

Simu: hapana. Mtaa wa vifaa vya umeme wa Yongsan si ule wa zamani, Wakorea wengi wananunua mtandaoni, na mgeni anayeuliza bei huku akisitasita hutajiwa yoyote. Simu nyingi zinazouzwa Korea hutoa mlio kila unapopiga picha, na mlio huo hauzimwi kwa mipangilio ya kawaida. Dhamana yake pia usitegemee itaheshimiwa Mbeya. Vyombo vya umeme vya jikoni navyo viangalie mara mbili: umeme wao ni volti 220 lakini hezi 60, wetu ni hezi 50, na pini zao ni za mviringo. Pasi itapiga kazi kwa adapta. Chenye mota, pamoja na cherehani, kiache kama hakijaandikwa 50/60.

Kwa dola 1,200, na dola moja siku hizi ikizunguka kati ya won 1,300 na kitu na karibu 1,500, ningegawa hivi: 700 nguo za jumla, 200 vifungo na vitambaa, 150 miwani, vipodozi na zawadi, na 150 usiziguse mpaka umepima begi. Nunua kimizani cha mkono cha kuning'iniza begi kabla ya manunuzi yote. Ikizidi, posta ya Korea hutuma vifurushi kwa huduma ya haraka ya EMS na huuza maboksi yenyewe, lakini linganisha na bei ya begi la ziada la ndege yako kwanza, mara nyingi begi ni nafuu. Jangkki zako zote zibebe mkononi, TRA wakiuliza thamani uwe na cha kuonyesha.

Kodi ya ongezeko la thamani Korea ni asilimia 10, na mgeni wa muda mfupi hurudishiwa sehemu yake. Tangu mwaka 2024 manunuzi yanaanza kuhesabika kwenye won 15,000 kwa risiti moja. Masoko ya jumla na fremu za chini ya ardhi mara nyingi hayamo kwenye mpango huo. Maduka makubwa, Olive Young na wenzake yamo, na mengi yanakukata kodi pale pale kaunta ukionyesha pasipoti halisi, si picha ya kwenye simu. Kama umepewa karatasi badala ya kukatwa, unamalizia uwanja wa ndege wa Incheon kwenye mashine zake. Fika mapema, na vitu hivyo usivifungie chini ya begi unalokabidhi, kwa sababu forodha wana haki ya kutaka kuviona kabla begi halijaondoka.